Ajali Haina Kinga? Safari, Mafuriko na Tawakali Kandokando ya Mto Tana

Sifa zote njema ni zake Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake wote. Amma baad.

Ndugu wasomaji, tarehe 9 Aprili 2024, siku moja kabla ya Idi ya kufungua saumu, basi lililokuwa likitoka Wajir kwenda Nairobi lilisombwa na maji eneo la Tula, katika kaunti yetu ya Tana River. Ndani yake mlikuwa na abiria 51. Kwa rehema za Mola, na kwa jitihada za waokoaji wa Msalaba Mwekundu, wote waliokolewa. Siku kumi na tisa baadaye, tarehe 28 Aprili, mashua iliyokuwa ikivusha watu Kona Punda, karibu na Madogo, ilipinduka mahali ambapo siku za kawaida hupita magari. Watu 23 waliokolewa, na wengine hawakurudi majumbani mwao. Tunamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu na awape subira waliowapoteza.

Kila baada ya msiba kama huo, vibarazani, katika matanga na hata kwenye mimbari, husikika kauli moja tuliyoirithi kwa wazee: ajali haina kinga. Msemaji akishaitamka, mazungumzo huishia hapo. Haulizwi mtu kwa nini gari liliingizwa majini, wala nani aliyemhimiza dereva, wala safari ile ilikuwa na haraka gani. Makala hii inataka kuyaendeleza mazungumzo pale yanapokatizwa, kwa sababu mvua za masika na za vuli zitarudi, na kauli hiyo tunawafunza watoto wetu.

Neno moja, maana mbili

Neno ajali tumelipokea kutoka Kiarabu. Huko kwao, ajal ni muda uliokadiriwa, yaani kikomo cha umri ambacho Mwenyezi Mungu peke yake anakijua. Muda huo ukifika, hauahirishwi wala hautangulizwi. Kwa maana hiyo kauli ya wazee ni kweli tupu, na kila Muislamu anaiamini.

Lakini katika Kiswahili chetu neno hilo limesafiri. Leo ukisema ajali, msikilizaji anafikiri gari lililopinduka, mashua iliyozama, pikipiki iliyogongana na lori. Tumelichukua jina la jambo lisilozuilika tukalipa jambo ambalo mara nyingi huzuilika, kisha tukaibakisha methali ileile. Matokeo yake ni kwamba uzembe wa mtu aliyeingiza gari katika maji asiyoyajua kina huvishwa kanzu ya kadari, na anayeuliza huonekana kana kwamba imani yake ina kasoro.

Masahaba hawakuelewa hivyo. Sayyidna Umar (r.a.) alipokuwa njiani kwenda Sham, akiwa mahali paitwapo Sargh, alipashwa habari kwamba tauni imeingia katika nchi ile. Aliwashauri Muhajirina, kisha Ansari, kisha wazee wa Kikuraishi, na mwisho akaamua kurudi Madina pamoja na msafara wake. Abu Ubayda (r.a.) akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Umar akamjibu kwamba anatoka katika kadari moja ya Mungu na kuiendea nyingine, akampigia mfano wa mchunga ngamia aliyefika bondeni penye upande wa malisho na upande mkavu: popote atakapowachunga, atakuwa amewachunga kwa kadari. Kisha Abdurahman bin Auf (r.a.) akaja na hadithi ya Mtume (s.a.w.) iliyoafiki uamuzi huo, naye Umar akamshukuru Mola wake.

Tuzingatie kwamba aliyekatiza safari hapo ni Amirul-Muuminina mwenyewe, akiwa na jeshi na shughuli za dola. Hakuna aliyesema kwamba imani yake ilipungua kwa kugeuza njia.

Mto wenye hiari ya njia

Ili tuelewe hatari yenyewe, yafaa tuutazame mto. Tana ndio mto mrefu kuliko yote nchini Kenya. Chemchemi zake ziko katika milima ya Aberdare na Mlima Kenya, mamia ya kilomita kutoka Garsen. Juu huko pana mabwawa matano ya umeme: Kindaruma, Kamburu, Gitaru, Masinga na Kiambere. Masinga, lililokamilika 1981, ndilo la juu kabisa na ndilo kubwa zaidi. Mvua kubwa ikinyesha milimani, mabwawa hujaa na kumwagika, na maji hayo hushuka kupitia Garissa na Hola kwa siku kadhaa kabla ya kufika kwetu.

Kwa sababu hiyo mgeni hudanganyika kwa urahisi. Anasimama Garsen au Minjila, anatazama juu, anaona mbingu nyeupe na jua kali, anadhani hatari imepita. Maji yatakayomfunga njia yamekwisha kuondoka milimani zamani, nayo yako njiani yanakuja.

Mto huu pia haujafungwa pingu katika njia moja. Katika karne ya 19 ulichimbwa mfereji mwembamba wa Belazoni, ili mitumbwi ipate kupita baina ya Tana na mto Ozi. Maji yakaufuata ule mfereji, yakaupanua mwaka baada ya mwaka, hata ukawa ndio njia kuu ya Tana kuelekea baharini. Ndiyo maana leo mto unamwagikia Kipini. Ikiwa mtaro wa mitumbwi uligeuka kuwa mto, basi kalvati iliyozibwa na magogo au tuta la barabara lililomomonyoka ubavuni si mambo ya kudharauliwa.

Watu wa mto hulijua hilo. Mkulima wa Kipokomo hahesabu mafuriko kuwa ni balaa tupu. Maji ndiyo yanayoleta tope jipya lenye rutuba, ndiyo yanayojaza maziwa ya samaki, na mpunga wa delta huyategemea. Mwaka usio na maji ya kutosha humtia hofu kama mwaka wenye maji ya kupita kiasi. Vijiji vya Wapokomo vimehama zaidi ya mara moja katika historia, vikifuata mto au kuukimbia. Mfugaji wa Kiorma naye huteremsha mifugo delta wakati wa kiangazi, na maji yakianza kupanda huipandisha kwenye nchi kavu iliyoinuka. Hangoji yamfike magotini ndipo ajadiliane nayo. Kwa watu hawa, kusubiri na kuhama ni sehemu ya kuishi vizuri na mto, wala hawaoni haya kwa hilo.

Zamani msafiri naye aliishi kwa kanuni hiyohiyo. Kabla ya daraja, magari yalivuka Tana pale Garsen kwa kivuko cha kuvutwa kwa kamba, na mto ukijaa, safari ya Lamu ilisimama. Wazee walioyaona mafuriko ya 1961, na wengi wetu tulioiona El Nino ya 1997 na 1998, tunakumbuka kwamba aliyefunga safari wakati wa mvua alijiandalia akiba ya chakula na subira. Alipokawia, waliomngoja nyumbani walijua kwamba mto umejaa, wakamwombea dua.

Lami na ahadi isiyotolewa

Kisha barabara ya Lamu, Witu na Garsen ikatiwa lami. Ni neema kubwa, na asiyewashukuru watu hajamshukuru Mungu. Mgonjwa anafika hospitali mapema, maembe na samaki hawaozi njiani, na safari iliyokuwa ikichukua kutwa nzima katika tope sasa inakwisha kwa saa chache.

Hata hivyo lami imetubadilisha fikra bila sisi kutambua. Zamani tulisema tutafika Mungu akitujaalia, na moyo ulikubaliana na ulimi. Leo tunasema inshallah kwa ulimi, huku tukitazama saa na kumpigia dereva simu. Tumeanza kuiona barabara kama ahadi: nauli nimelipa, basi nifikishwe. Mto haukutoa ahadi hiyo. Katika mvua za El Nino za mwishoni mwa 2023, na tena katika masika ya 2024, maji ya Tana yaliifunika barabara ya Lamu na Garsen katika sehemu za Gamba na Lango la Simba. Mabasi yalikwama na watu wakawa wanashushwa na kupandishwa mashua juu ya lami ileile.

Hapa pana jambo ambalo kila familia yafaa ilijue. Maji ya mafuriko yenye kina cha sentimita 15 tu, yakiwa na kasi, yanaweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 zinatosha kuliinua gari dogo. Sentimita 60 husomba magari mengi. Zaidi ya hayo, maji ya Tana ni ya tope, hayaonyeshi kilicho chini yake. Dereva anaona kingo mbili za barabara na anadhani baina yake pana barabara, kumbe lami imekwisha kukatwa na pamebaki shimo. Wazee walisema maji usiyoyafika hujui wingi wake, na lami haijaitangua methali hiyo.

Tarehe 4 Desemba 2021, huko Kitui, basi lililokuwa limebeba watu waliokuwa wakienda harusini lilijaribu kuuvuka mto Enziu uliokuwa umefurika juu ya daraja. Watu zaidi ya 30 walikufa, wengi wao wanakwaya, mbele ya macho ya waliosimama ukingoni. Walikuwa wakienda kwenye furaha, na bila shaka walikokuwa wakingojewa palikuwa na watu waliotazama saa.

Anayemsukuma dereva

Tumezoea kumlaumu dereva na utingo, nao wana sehemu yao. Lakini ndani ya basi mna abiria wanaogonga bodi na kusema twende, na nyuma ya kila abiria mna simu ya jamaa inayouliza amefika wapi. Mara nyingi haraka huanzia nyumbani kwetu, katika mambo manne: maziko, harusi, Idi na shule. Tuyatazame kwa mizani ya sheria.

Maziko kwanza, kwa kuwa ndiyo yanayotuliza zaidi. Sheria imehimiza maiti azikwe mapema, na kumswalia na kumzika ni faradhi ya kutosheleza: wakitekeleza waliopo, wajibu umewaondokea waliobaki. Mtoto aliyeko Malindi ambaye baba yake amefia Witu, na njia imefungwa, hana dhambi yoyote kwa kutofika. Tena katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, anaweza kumswalia baba yake swala ya ghaibu huko huko aliko, kama Mtume (s.a.w.) alivyomswalia Najashi aliyefia Uhabeshi. Dua yake na sadaka yake zinamfikia mzazi bila kuvuka maji. Anayemwambia mtoto huyo kwamba asipofika atakuwa hakumpenda baba yake, anamwongezea msiba juu ya msiba.

Harusi na Idi nazo ni mambo ya kheri, na kuunga udugu ni wajibu mkubwa. Lakini walima huweza kuahirishwa, na Idi ina siku zake za kutembeleana na kupigiana simu. Kuhusu shule, mwaka 2024 serikali yenyewe iliahirisha kufunguliwa kwa muhula wa pili kwa sababu ya mafuriko, na shule zikafunguliwa tarehe 13 Mei badala ya 29 Aprili. Ikiwa nchi nzima iliweza kungoja wiki mbili, mwalimu mkuu mmoja na mzazi mmoja wanaweza kungojana siku mbili.

Tukumbuke pia kwamba sheria imeruhusu swala ya jamaa iachwe kwa ajili ya mvua na tope. Ibn Abbas (r.a.), siku ya Ijumaa yenye mvua, alimwamuru mwadhini awatangazie watu waswali majumbani mwao, na watu walipostaajabu aliwaeleza kwamba aliye bora kuliko yeye, yaani Mtume (s.a.w.), alifanya hivyo. Ikiwa nyumba ya Mungu yenyewe haikutulazimisha kuikanyaga topeni, nyumba ya harusi imepata wapi mamlaka hayo?

Shahada haitafutwi kwa uzembe

Huenda mtu akasema: aliyekufa maji si amehesabiwa miongoni mwa mashahidi? Ndiyo, imesihi katika hadithi, na ni bishara njema kwa waliofiwa. Waliokwisha kwenda tunawadhania kheri na hatuwahukumu. Lakini bishara ya kumfariji aliyefiwa haiwezi kugeuzwa kuwa ruhusa ya anayetaka kusafiri. Wanavyuoni walijadili tangu kale hukumu ya mtu anayepanda chombo wakati bahari imechafuka, na hadithi iliyomo katika Musnad ya Imamu Ahmad inaonya kwamba anayeipanda bahari katika hali hiyo akafa, dhima imemwondokea. Baadhi ya mafakihi wetu walieleza kwamba anayejitia katika maji ambayo kwa kawaida watu hawasalimiki humo, amefanya maasi kwa kujihatarisha. Nasi watu wa pwani tumezaliwa katika adabu hiyo. Nahodha hafungui tanga bahari ikichafuka, na hakuna anayemwita mwoga. Kwa nini dereva anayesimamisha basi Gamba aitwe mwoga?

Bedui aliyemuuliza Mtume (s.a.w.) kama amwache ngamia wake huru na kutawakali, aliambiwa amfunge kwanza, kisha ndipo atawakali. Katika safari za Garsen, kumfunga ngamia ni kuuliza hali ya njia kabla ya kukata tiketi, na kuwauliza walioko huko, si wakala anayetaka nauli. Ni kusikiliza matangazo ya mabwawa na ya idara ya utabiri wa hali ya hewa. Ni kubeba maji ya kunywa, dawa na chakula cha watoto. Ni kuwa na neno moja tulilokubaliana nyumbani tangu mwanzo, kwamba njia ikifunikwa, tutarudi au tutalala tulipo, na hakuna atakayelaumiwa. Neno hilo lisemwe kabla ya kuondoka, kwa sababu maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na ukishafika ukingoni pamoja na abiria wengine hamsini wenye haraka, kurudi huwa kuzito.

Wapo wasioweza kungoja. Mama mwenye uchungu wa uzazi na mgonjwa mahututi wana dharura ya kweli. Nao wavushwe kwa chombo kinachofaa, kisichojazwa kupita kiasi, kila mtu akiwa na jaketi la kuokolea, na nahodha aijue mikondo. Dharura huruhusu kwa kiasi chake, wala haiwi mlango wa kupitishia magunia na pikipiki katika mashua hiyohiyo. Wapo pia ndugu zetu ambao riziki yao ya kila siku iko ng'ambo. Hao tusiwahubirie subira huku matumbo ya watoto wao yakilia. Wanaostahili kuhubiriwa ni wenye mamlaka, kwa kuwa kunyanyua barabara, kuzibua kalvati, kuweka alama za kina cha maji na kuifunga njia kabla mtu hajafa ni amana shingoni mwao.

Aliyekwama njiani naye asidhani amesahauliwa na dini yake. Malindi hadi Garsen ni zaidi ya kilomita 100, masafa yanayomruhusu msafiri kupunguza na kukusanya swala. Katika madhehebu ya Shafi, msafiri aliyezuiliwa mahali, akitarajia kila siku kwamba njia itafunguka na ataondoka, anaweza kuendelea kupunguza hadi siku 18. Mafakihi waliohesabu siku hizo waliijua hali ya mtu anayengoja upepo ugeuke au maji yashuke, wakampa nafasi ya kungoja bila dhiki. Nasi wenyeji wa Garsen na Minjila, njia za Malindi, Hola na Lamu zinapokutana, tunao mlango wa thawabu: kumpokea aliyekwama, kumpa mkeka, uji na mahali pa kuswali. Bei ya chumba isipande pamoja na maji.

Basi mvua zikirudi, na simu ikalia kutoka kwa mtoto aliyeko njiani akisema, "Baba, maji yamefunika barabara, dereva anataka kujaribu," tumjibu bila kusita: "Shuka, mwanangu. Sisi tutakungoja."

Ewe Mola, ijaalie mvua yetu iwe ya manufaa, uwahifadhi wasafiri wetu nchi kavu na majini, uwarehemu waliotutangulia, na uturuzuku tawakali ya kweli. Amin.